Krimu ya steroidi na antibiotiki: namna ya kuitumia bila kuiumiza ngozi

Kaskazi inapokaza na jasho halikauki mwilini, kisha masika yakaingia na nguo hazikauki kambani, ngozi za watu wa visiwani huanza kusumbua: chini ya matiti, kwenye kinena, baina ya vidole vya miguu, mgongoni mwa watoto. Hapo ndipo mtu anapokuja famasi na tyubu tupu iliyokunjwa mpaka shingoni, akaiweka mezani na kusema, "Nipe nyengine kama hii." Mara nyingi ndani ya tyubu ile mlikuwa na steroidi na antibiotiki kwa pamoja, na mara nyingi aliyekuja nayo hajui kwamba ni dawa mbili.

Mimi nauza dawa Unguja. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu krimu hii ni dawa nzuri inayotumiwa vibaya. Ikipakwa pahala pake, kwa siku chache, inampa mgonjwa nafuu ya kweli. Ikipakwa pasipo pake, muwasho unatulia ndani ya siku mbili tatu huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kuenea, na utulivu huo ndio unaomfanya mtu aipake wiki baada ya wiki akiamini anapona. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuamua kabla kifuniko hakijafunguliwa: ni ugonjwa gani ulioko kwenye ngozi, na ni siku gani dawa itasimama.

Jua kilichomo ndani ya tyubu

Steroidi inapunguza uvimbe, wekundu na muwasho kwa kuituliza kinga ya mwili pale ilipopakwa. Yenyewe haiui kitu, si bakteria, si fangasi, si wadudu. Antibiotiki inaua bakteria au kuwazuia wasizaliane, lakini fangasi na virusi haiwagusi. Zikichanganywa, kazi yake inakuwa nyembamba kuliko watu wanavyodhani: ngozi ambayo imevimba na kuwasha kwa sababu zake nyengine, kisha bakteria wakaingia juu yake.

Nguvu za steroidi hazilingani. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu. Betamethasoni valereti ya asilimia 0.1, ambayo ndiyo tunayokutana nayo sana kwenye krimu za mchanganyiko, ni kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote, na haifai kugusa uso wala kinena bila daktari kusema. Upande wa antibiotiki utakuta asidi fusidiki, neomaisini au jentamaisini. Baadhi ya tyubu huongezwa na dawa ya fangasi, kama klotrimazoli au maikonazoli, zikawa dawa tatu kwa moja.

Hizo za tatu kwa moja ndizo zinazopendwa, maana zinaonekana kama zinatibu kila kitu. Kwa maoni yangu ndizo za kuogopwa zaidi. Mtu ana fangasi kwenye kinena, anapaka mchanganyiko wenye steroidi kali pahala ambapo ngozi ni nyembamba na daima ina joto. Muwasho unakatika upesi, anaacha kupaka kabla fangasi hawajafa, wanarudi na nguvu mpya, anapaka tena. Baada ya miezi michache ana fangasi wale wale, na mapajani ana michirizi ambayo haitaondoka.

Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Jina la biashara halitoshi, kwa sababu jina lile lile likiongezwa herufi moja mwishoni linakuwa dawa nyengine kabisa. Na muangalie sana haya mawili: klobetasoli na klotrimazoli. Ukiyasema haraka yanafanana, lakini la kwanza ni steroidi kali kuliko zote na la pili ni dawa ya fangasi isiyo na steroidi hata chembe. Kwenye boksi, la steroidi lina herufi b katikati, na la fangasi lina t, r na i zikifuatana. Ukimtuma mtoto dukani, mpe boksi la zamani mkononi au muandikie jina kwenye karatasi. Usimwambie kwa mdomo tu.

Itazame ngozi kwanza

Nenda kwenye mwangaza wa mchana, karibu na dirisha au barazani. Taa ya chumbani inadanganya. Vitabu vingi vya dawa vinazungumzia "wekundu", lakini kwenye ngozi zetu nyeusi uvimbe huonekana wa zambarau, wa kijivu, au mweusi kuliko ngozi ya jirani. Gusa kwa mgongo wa mkono: kuna joto? Ngozi imekuwa ngumu? Inauma ukiibonyeza?

Krimu ya mchanganyiko inafaa hasa kwa pumu ya ngozi iliyoingia bakteria. Huyu ni mtu, mara nyingi mtoto, mwenye ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Amejikuna mpaka pakachubuka. Sasa panatoa maji maji, pana vigaga vya rangi ya manjano, na muwasho umechanganyika na maumivu. Hapo steroidi inatuliza pumu ya ngozi na antibiotiki inashughulika na bakteria. Pumu ya ngozi ambayo ni kavu na haina usaha haihitaji antibiotiki. Itatulia kwa mafuta ya mgando na steroidi peke yake.

Kuumwa na wadudu kukivimba sana na kuanza kutoa usaha kwa sababu ya kukunwa, nako huingia humu, kwa eneo dogo na siku chache.

Kisha kuna piko. Hina safi ya majani hutoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ni wachache inaowadhuru. Piko nyeusi inayokolea kwa muda mfupi hutengenezwa kwa rangi ya kupaka nywele, na ndani ya rangi hiyo mna kemikali inayowaletea baadhi ya watu aleji kali. Baada ya siku chache maua yote yaliyochorwa mkononi huinuka, yakawa malengelenge yanayowasha, yamefuata mchoro ule ule jani kwa jani. Bi harusi akikuta hivyo siku tatu baada ya harusi, anahitaji steroidi kwa siku chache, chini ya uangalizi. Antibiotiki inaingia tu kama malengelenge yamepasuka na yanatoa usaha. Na akumbuke maisha yake yote kwamba rangi nyeusi ya nywele inaweza kumfanyia vile vile kichwani na usoni, pengine kwa ukali zaidi.

Sasa upande wa pili, ambao ni mrefu.

Choa ndicho kinachoharibiwa zaidi na krimu hii. Kikiwa hakijaguswa kinajitambulisha: duara, pembeni pameinuka na pana magamba, katikati panaelekea kupona. Kikipakwa steroidi, ukingo unafifia, magamba yanapungua, duara linapoteza umbo, na fangasi wanatanuka kimya kimya. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa skuli, mkono wa kushoto una baka kubwa kama sahani ya chai, limepauka katikati na lina vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika.

"Mwanangu, dawa hii nzuri, ila nikiacha tu linarudi," aliniambia.

"Bibi, lilianza likiwa na umbo gani?"

Akakunja kidole cha shahada na gumba, akanionesha duara la ukubwa wa shilingi. Jibu lilikuwa hapo hapo. Dawa iliyokuwa ikimtuliza mtoto ndiyo iliyokuwa ikilitanua baka. Tulichofanya ni kuiacha krimu ile na kuanza klotrimazoli tupu mara mbili kwa siku, na nikamwambia mapema kwamba siku za mwanzo muwasho utazidi, kwa kuwa kinga ya mwili iliyolazwa sasa inaamka. Asipoambiwa hilo, mtu hurudi kwenye tyubu ya zamani siku ya tatu. Klotrimazoli hupakwa wiki mbili hadi nne, na huendelea kwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Choa kilichoenea sana, au kilichopakwa steroidi kwa muda mrefu, mara nyingi hakiishi kwa krimu na kinataka vidonge vya daktari.

Mapunye ya kichwani hayatibiki kwa krimu yoyote. Fangasi wameingia ndani ya shina la unywele, na dawa yake ni ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, kwa wiki kadhaa. Watoto hupeana chuoni na skuli kwa kofia, vitana na mashine za kunyolea. Ukiona mmoja anayo, waangalie na wenzake wa nyumbani.

Upele unaowasha usiku, baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, huku na wengine nyumbani wakijikuna, ni wadudu waliochimba ndani ya ngozi. Steroidi itaupoza muwasho na wadudu wataendelea kuzaana. Unatibiwa kwa benzili benzoeti au pamethrini, nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na pamethrini hurudiwa baada ya wiki moja hadi mbili. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko kwa siku tatu au zaidi. Aivamektini nayo inawaua wadudu hawa. Ni dawa ambayo Wazanzibari wengi wamewahi kuimeza pengine bila kujua, kwani tangu 2001 ilikuwa ikigawiwa pamoja na albendazoli katika kampeni za kupambana na matende.

Vidonda vya watoto vyenye vigaga vya rangi ya asali, puani na mdomoni, ni bakteria peke yao. Vinahitaji kuoshwa na antibiotiki tupu, bila steroidi. Vikiwa vingi, mtoto ameze dawa. Jipu halisikii krimu. Linataka kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, na likishaiva likatumbuliwe kituo cha afya, lisikamuliwe nyumbani.

Tetekuwanga, mkanda wa jeshi na vidonda vya homa midomoni ni virusi. Steroidi juu yake ni hatari, na karibu na jicho hatari yake inazidi. Chunusi za uso zikipakwa steroidi hupungua kwa wiki, halafu hurudi kwa wingi na uso unazoea dawa. Harara ya joto inataka kuoga maji baridi, nguo nyepesi za pamba na losheni ya kalamaini, basi.

Na kuna baka moja ambalo ningependa kila mtu alijue: baka lililopauka au jekundu kidogo, lisilowasha, na ambalo ukiligusa kwa ncha ya pamba ukiwa umefumba macho hutahisi kitu. Hiyo inaweza kuwa ukoma. Dawa yake ipo, inaponya, na hutolewa bure. Ukilipaka krimu kwa miezi, unaupa ugonjwa muda wa kuharibu mishipa ya fahamu.

Lini uache habari ya krimu na uende hospitali

Homa, kutetemeka, ngozi iliyovimba inayotanuka kwa saa na si kwa siku, maumivu makali kuliko inavyoonekana: usisubiri. Chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa uvimbe. Ukivuka mstari ndani ya siku moja, nenda. Uvimbe wowote wa kuzunguka jicho ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari akiwa na kidonda mguuni, hata kidogo na hata kisichouma, asipake mchanganyiko huu bila kuonwa. Mwenye mguu wa matende akipata mpasuko baina ya vidole, apaangalie mapema, kwani hapo ndipo mashambulizi ya homa na uvimbe yanapoingilia.

Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi akaanza kuvimba uso asubuhi, au mkojo wake ukawa na rangi ya chai au kola, apelekwe mara moja. Baadhi ya bakteria wa ngozi huacha athari kwenye figo wiki chache baada ya kidonda chenyewe kupona.

Kwa walioko Unguja kuna Mnazi Mmoja kwa mambo makubwa. Pemba kuna hospitali za Chake Chake na Wete, na ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Lakini anza kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa sababu mengi ya haya yanamalizwa pale pale.

Kununua

Nunua kwenye famasi au duka la dawa lililosajiliwa, boksi likiwa limefungwa, na karatasi ya maelezo imo ndani. Angalia tarehe ya kumaliza muda, na kwamba kizibo cha mdomo wa tyubu hakijavunjwa. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye kikopo kisicho na jina. Vikopo vya namna hiyo, pamoja na krimu za kung'arisha uso, ndiko klobetasoli na betamethasoni zinakojificha, na pengine zebaki. Binti anayepakwa mkorogo wiki nne kabla ya harusi anaweza kuwa anapakwa steroidi kali mwili mzima bila yeye wala somo wake kujua. Ukikuta bidhaa ya namna hiyo sokoni, wapo Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wa kupelekewa taarifa.

Mueleze muuza dawa mambo matano: umri wa mgonjwa, mahali penyewe mwilini, siku ngapi limeanza, nini kimeshapakwa, na kama ana mimba, ananyonyesha au ana kisukari. Kwenye hilo la nne sema yote, pamoja na dawa ya mitishamba, dawa ya meno na majivu. Watu huona haya, na ndipo tunapopotea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipakwe steroidi kali bila daktari.

Kupaka, hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kucha ziwe fupi, za mgonjwa na za anayempaka.

2. Osha mahali kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Vigaga vilainishe kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, kisha viondoe taratibu vile vinavyokubali kutoka. Usivibandue kwa nguvu. Dawa ikipakwa juu ya kigaga kigumu haifiki kwa bakteria. Maji ya chumvi mepesi yanafaa. Ndimu, dettoli isiyozimuliwa na spiriti haifai, maana huchoma ngozi ambayo tayari ina jeraha.

3. Kausha kwa kugusa gusa kwa kitambaa safi, bila kusugua.

4. Pima. Hapa ndipo penye makosa mengi, basi nitapaeleza kwa kirefu. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho ni karibu nusu gramu, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwa vimebanwa pamoja. Kama baka ni la kiganja kimoja, tumia nusu ya kiasi hicho. Piga hesabu: robo gramu, mara mbili kwa siku, kwa siku saba, ni gramu tatu na nusu. Tyubu nyingi ni za gramu 15. Kwa hiyo ukimaliza tiba, sehemu kubwa ya tyubu inatakiwa iwe imebaki. Aliyeimaliza tyubu nzima kwa wiki moja kwa baka la kiganja amepaka mara nne ya kipimo.

5. Tandaza kwa wembamba, kuelekea zinakolala nywele za ngozi, mpaka ubakie mng'ao mdogo tu. Utando mweupe mzito hauongezi uponyaji. Usivuke mpaka wa baka.

6. Usifunge plasta ya nailoni wala bandeji ya kubana juu yake. Kufunika kunaongeza dawa inayopenya ndani. Nepi nayo ni kifuniko, hivyo makalioni mwa mtoto mchanga mchanganyiko huu usipakwe bila agizo. Weka mbali na macho: steroidi ikiingia mara kwa mara huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Usitie ndani ya sikio, kwa kuwa neomaisini inaweza kuharibu usikivu kama ngoma ya sikio imetoboka. Anayenyonyesha asipake kwenye chuchu.

7. Nawa mikono tena, isipokuwa kama mkono ndio unaotibiwa. Mafuta ya mgando ya kulainisha ngozi yapishane na krimu kwa nusu saa hivi. Na kwa wapikao kwa kuni: nguo iliyolowana mafuta ya aina hii hushika moto upesi, basi ibadilishe kabla ya kwenda jikoni.

Hufanywa mara mbili kwa siku, yakipita kama masaa kumi na mbili baina yake, ila kama daktari ameandika mara moja. Kwa wenye kusali, ratiba rahisi ni baada ya sala ya Alfajiri na baada ya Isha. Paka baada ya udhu, usipake kabla, ili maji yasiiondoe dawa na utando wa mafuta usizuie maji kufika kwenye ngozi. Udhu wa katikati ya siku hautaharibu kitu kama krimu imeshanyonywa. Kausheni baina ya vidole vya miguu kila mkitawadha, kwa kitambaa cha kila mtu chake. Unyevu unaobaki pale mara tano kwa siku ni chakula cha fangasi. Ramadhani isikufanye usimamishe tiba, kwani wanazuoni wengi wanasema dawa ya kupaka juu ya ngozi haifunguzi. Mwenye shaka amuulize sheikhe wake.

Kina mama wa mwani wa Paje, Jambiani na Pemba wana ratiba ya maji, si ya saa. Siku za bamvua, ukipaka kabla ya kuingia baharini umeitupa dawa. Ingoje mpaka umerudi, oga maji baridi uondoe chumvi, kausha, ndipo upake. Na mikono na miguu yenye mipasuko ipake mafuta ya mgando kabla ya kuingia, maana kinga hiyo ina faida kuliko krimu yoyote.

Siku

Chukua kalamu na uandike juu ya boksi tarehe ya kuanza na tarehe ya kusimama. Kwa kawaida ni siku saba. Kupita siku kumi na nne bila daktari, hapana. Siku ya tatu pakague tena kwenye mwangaza. Vigaga vimepungua, hakuna maji maji, joto limeshuka? Endelea mpaka siku ya saba. Hakuna mabadiliko kabisa? Basi ama ugonjwa si huo, ama bakteria hawaisikii dawa hiyo. Kuongeza kipimo hakusaidii, nenda ukaonwe.

Ikiwa usaha umekwisha kabla ya wiki lakini pumu ya ngozi bado inawasha, omba kubadilishiwa upate steroidi tupu iliyo hafifu zaidi. Antibiotiki ya kupaka ikiendelezwa bila sababu inawazoesha bakteria, na asidi fusidiki huzoeleka upesi. Siku utakayoihitaji kwa dhati utakuta haifanyi kazi.

Simamisha mara moja ukiona: muwasho na vipele vinazidi kila ukipaka, jambo ambalo linaweza kuwa aleji ya neomaisini. Ngozi inakuwa nyembamba na kung'aa, mishipa midogo inaonekana, michirizi, vinyweleo vinaota, ngozi inapauka pale palipopakwa, au vipele vinazunguka mdomo.

Nyumbani

Mgonjwa awe na taulo yake, kanga yake ya kujifunika na mto wake mpaka apone. Mashuka yafuliwe na kuanikwa juani, si uvunguni. Masika yanapokuwa hayaachii, piga pasi. Mtoto avishwe mikono mirefu myembamba usiku asijikune.

Tyubu iwekwe pahala pa kivuli, chini ya joto lililoandikwa kwenye boksi, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Juu ya dirisha, ndani ya gari na kwenye boksi la vespa hapafai. Isipewe jirani hata kama baka lake linafanana na lako. Tarehe ya kusimama ikishafika, usiihifadhi kwa ajili ya "siku nyengine", maana siku hiyo ikija atapakwa mtu ambaye ngozi yake haijatazamwa. Nenda nayo famasi uulize itupwe vipi.

Kama umeshaipaka kwa miezi

Kuna msomaji ambaye amefika hapa akiwa anaipaka tangu mwaka jana, pengine usoni. Huyu asiiache ghafla peke yake kama ni steroidi kali na imepakwa kila siku. Uso unaweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na wengi hurudi kwenye tyubu kwa sababu ya maumivu hayo. Aliyeipaka mwili mzima ana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa dawa imeingia kwenye damu na mwili umepunguza homoni yake wenyewe. Uchovu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, au uso ulioviringa na kunenepa kwa ghafla ni dalili za kumueleza daktari. Nenda hospitali ukiwa na tyubu zote ulizotumia, hata zile tupu na vile vikopo visivyo na jina, uziweke juu ya meza ya daktari na umwambie muda kamili. Atapanga namna ya kukupunguzia kidogo kidogo: kwa kushuka nguvu ya dawa, kwa kuacha siku moja katikati, kisha mbili.